Majina ya Mwisho

Ijumaa Khainza alinipigia kutoka Bududa:
"Mashine yako imemeza watu."
Kahawa imepimwa, magunia yameshonwa midomo,
lakini kwenye simu orodha inakomea kwa Nandutu,
na chini ya Nandutu ni kitufe cha kijani tu: LIPA.

Nikafungua kompyuta, Mbale, juu ya duka la misumari.
Kwangu wote walikuwepo. Kwangu kioo ni kipana.
Nikakibana, kidogo kidogo,
hadi kikalingana na simu ya Khainza yenye ufa,
ndipo nikamwona Wabuyi, paji la uso tu,
amekatwa na ukingo niliouandika mimi mwenyewe
mwezi wa tatu, kwa haraka, nikipenda unadhifu:
kinachofurika, kifichwe.

Nami ni mtoto wa huku, nilisahauje
kwamba alfabeti ya Bugisu ina mkia mzito?
Wabuyi, Wakhata, Wamimbi, Wanzala, Wopuwa,
nusu ya mlima imeketi kwenye W
ikingoja hela chini ya pindo.

Nikasema: basi, vyote viteremke.
Vikateremka vyote! Kichwa cha jedwali, jumla ya kilo,
hata kitufe, vikaporomoka pamoja.
Huku kwetu neno hilo halichezewi.
Tumeona kilima kikihama usiku, na nyumba zake.

Sitaki mlima uje. Nataka mto,
Manafwa upite katikati, kingo zibaki.
Kichwa kisimame. Jumla isimame.
Kati yao kisanduku chenye kimo chake,
na ziada ipite, kidole kikiiita.

Kikagoma.
Saa saba usiku, chai imeota ngozi, nikaelewa:
kisanduku kilivimba kwa kudhani
hakiruhusiwi kuwa kidogo kuliko kilichobeba.
Nikakiandikia mstari mmoja. Kimo cha chini: sifuri.
Unaweza kuwa mdogo.
Hutamwangusha mtu.

Jumamosi Khainza hakupiga simu. Alituma namba tu:
Wopuwa, kilo arobaini na moja, amelipwa.

Jambo moja sikumweleza.
Kwenye ukingo wa chini, kwa makusudi,
nimeacha nusu ya jina ikichungulia,
paji la uso tu,
ili mwenye kidole ajue
hawajaisha.