Mgonjwa Huulizwa Uji

Saa nane usiku, wodi ya tatu, Asahikawa.
Theluji imepanda hadi kingo za madirisha
na Bwana Onodera ameketi kitandani, viatu miguuni,
ananiuliza lile la kila usiku:
"Treni ya Wakkanai imeshapita?"

Zamani nilimjibu, "Hakuna treni. Lala."
Baadaye nikajifunza upole: "Usijali, kesho utakuwa mzima."
Maneno laini, pamba ya kuzibia masikio,
masikio yangu, si yake.
Siku kumi na moja hakunisemesha.
Nikiingia, anageukia ukuta,
mgongo wake mlango uliofungwa kwa ndani,
mlango pekee humu ambao ufunguo wake sina.

Muuguzi mkuu Kitamura, aliyenifunza kazi,
alikuwa mtu wa haraka, na mwema, nasema kweli.
Alihesabu vidonge, alihesabu vijiko.
Kwake mgonjwa haulizwi uji:
unampa, anakunywa, unaandika "amekunywa".
Nikaandika hivyo miaka sita.
Amekunywa. Amelala. Ametulia.
Na usiku mmoja wa Februari, "amefungwa",
mikanda mitano, kwa muda wa saa kumi na nne,
agizo la daktari, sahihi yangu chini yake,
herufi nzuri, zimenyooka.
Hakuna aliyemuuliza alikuwa akikimbilia wapi.

Nilikuja kumuuliza Aprili, bakuli mkononi,
na sikuanza na Februari, sikuthubutu.
"Unataka uji?"
Akatazama bakuli. Akanitazama mimi.
Nikanyamaza. Wee, kunyamaza ni kazi!
Ulimi unawasha kama kidonda kinachopona.
Nilisikia bomba la joto likikohoa ukutani,
nikahesabu hadi arobaini, nikaacha kuhesabu.
"Sitaki," akasema. "Sijawahi kuupenda."
Miaka thelathini na moja ya uji wa mchele!
Nikaandika: *Hataki. Hajawahi kuupenda.*
Kalamu ikagoma kidogo kwenye "hajawahi".

Ndipo nikauliza na habari za treni.
"Ndani yake yumo nani?"
Kumbe mkewe, na begi la kijivu,
na yeye, kijana wa reli, kasimama nje na taa ya kijani;
kazi yake ilikuwa kuiruhusu iondoke.
Sikumwambia ipo. Sikumwambia haipo.
Nilisema, "Ukairuhusu."
"Nikairuhusu."
Tukakaa.

Kwenye korido ipo simu ya sarafu, nayo ya kijani,
na juu yake karatasi ya haki za mgonjwa,
imebandikwa juu kuliko macho ya mtu yeyote,
nusu yake imefunikwa na kalenda ya kampuni ya dawa.
Niliishusha. Nikaiandika upya kwa herufi nene:
unaweza kupiga simu, unaweza kulalamika,
unaweza kuuliza kidonge hiki ni cha nini
na kuuliza tena jibu lisipokutosha.
Bwana Onodera aliisoma siku tatu, kidole kikifuata mistari.
Siku ya nne akanijia, viatu miguuni.
"Nataka kuwapigia watu wa baraza. Kuhusu Februari."
"Sawa."
"Nitakutaja wewe."

Nilisema "sawa" ya pili. Ilichelewa kidogo, nakiri.

Mikono yake hutetemeka kwa dawa tunayompa,
basi namba nilimbonyezea mimi, moja moja,
nikatumbukiza sarafu ya yeni kumi,
nikarudi nyuma hadi upande wa pili wa mlango wa kioo,
maana simu ya mtu ni ya mtu.
Sikusikia kitu. Niliona mdomo wake tu
ukitamka taratibu, kwa adabu zote,
silabi nne: Su, ga, wa, ra.
Sijawahi kuliona jina langu likitamkwa kwa uangalifu namna ile.

Alipomaliza aliunyoosha waya uliojisokota,
akaurudisha mkono wa simu mahali pake kama kitu cha kuazima,
akanipita, halafu akasimama.
"Nimewaambia na habari za uji," akasema.
Sikumuuliza amewaambia nini.