Masizi

Mwasomola alikuja na kurunzi na lenzi ya sonara,
akaketi jikoni kwetu, Uyole, bila kuvua koti.
Akakilaza kinyago kifudifudi magotini
kama mtoto anayekaguliwa upele.

"Si cha Kimakonde. Mti huu hauoti huku.
Paji pana, macho membamba,
cha magharibi kabisa hiki."
Cha Liberia, nikasema. Baba alikuja nacho tisini na tano,
kwenye begi la jeshi, kimeviringishwa soksi.

Akakwangua kwa ukucha, akanusa.
"Masizi haya! Moshi wa ngoma, miaka mia.
Milioni tatu."
Mama akakohoa.

Masizi yale nayajua:
ni kuni mbichi za mkaratusi,
ni maharage ya Jumapili,
ni masika yale dirisha lilipozibwa kwa gunia
tukala machozi yanatutoka.
Nikamwambia.
Akafuta, akaandika laki mbili.

Kisha akapitisha kidole kwa ndani,
pale panapokutana na paji la mtu:
pamelainika kama mpini wa jembe la bibi.
"Na hapa?"

Hapo hatujawahi kugusa. Baba alikataza.
Kuna mtu alitokwa jasho humo, miaka na miaka,
na Baba hakusema alikivua wapi,
wala kwa nani.
Usiku wa radi alikuwa anaamka
kukigeuzia ukutani.

Mwasomola akazima kurunzi.
Bei hakuitaja tena.
Mama akasogeza kuni, akapuliza.