Mkongojo wa Chikambu

Dukani, fito moja iliyochongwa ni shilingi mia saba.
Nina mashina ishirini na matatu.
Nilihesabu, nikarudia kuhesabu, nikamrudishia muuzaji fito yake:
mnada wa korosho haujafunguliwa, kaka,
na mnyanya wangu haujazoea kuvaa vya bei hiyo.

Hapa Newala upepo haupigi hodi.
Unapanda kutoka Shimo la Mungu, umejitanda ukungu,
kukicha unakuta nyanya zimelala kifudifudi
kama makungwi waliokesha unyagoni,
kila shina limemwegemea mwenzake
na mwenzake naye hana mguu.

Nikaanza na mbaazi.
Tumeshavuna, tumeshapura, maganda wamekula mbuzi,
miti yake imebaki nyuma ya jiko ikingoja moto.
Nikaiokoa kumi na minne, iliyonyooka kuliko ndugu zake,
nikaichomeka upande utokako upepo,
shubiri moja kutoka shinani, nisije nikachoma mzizi.
Watu wakasema, mti wa mbaazi haumalizi mwaka.
Kwani nyanya inamaliza?

Hoho nikazipa mwavuli wa marehemu mjomba,
ule uliogeuka nje-ndani siku ya maziko yake mwenyewe.
Mbavu nane, hoho nane.
Mjomba alikuwa mchoyo; sasa anahudumia mtaa.

Kamba ilikuwa kwenye mfuko wa salfa.
Ukipata ncha ya uzi wa mdomoni, ukavuta upande unaotakiwa,
unafumuka wote, krrrr, mara moja;
ukikosea upande, utashinda nao mpaka magharibi.
Lakini uzi ule unakata. Siku ya nne
nilikuta hoho moja imekabwa koo, jani la juu limenyong'onyea,
nikakimbilia kwa Nandonde, fundi baiskeli.
Akanitupia mpira wa ndani wenye viraka kumi na kimoja:
"Chukua. Huu hata pancha zimeuchoka."
Nikaukata vipande vyembamba kama tambi.
Mpira unanyumbuka.
Shina likinenepa, nao unavuta pumzi.

Fundo ni namba nane:
duara moja la mti, duara moja la mmea,
katikati pabaki nafasi ya kidole.
Bi Somoe hapo jirani hufunga kama afungaye kuku wa kupeleka Masasi.
Nyanya zake zimesimama wima kuliko zangu, sibishi.
Zimesimama, zimekauka.

Likabaki moja, la ishirini na tatu.
Hilo sikulipanda. Liliota lenyewe pembeni mwa bafu,
likanywa maji ya kuogea bila kuyanunua,
likawa refu, nene, lenye vichala kama ng'ombe wa maziwa,
na kila nilichokichomeka kilivunjika.
Nikaninginiza vichala kwa kipande cha chandarua,
bado likainama.

Kaka yangu Chikambu alikuwa barazani akinitazama.
Tangu aanguke juu ya mkorosho, tangu Ndanda wamfungue plasta,
kazi yake ni kutazama na kukosoa.
"Hapo umekosea. Hapo pia."
Mkongojo wake wa mninga umelala mapajani kama bunduki ya mgambo.
Nikimwambia ainuke anyooshe mguu, anasema kesho.
Kesho yake ilishafika mwezi wa tatu.

Jumanne asubuhi nikatoka na ndoo ya maji, ya shilingi mia tano,
nikaimwaga nusu kwa mshangao:
la ishirini na tatu limesimama.
Mkongojo umezama ardhini, kichwa juu,
kwapa la mti limepakata kichala kikubwa kuliko vyote,
umefungwa kwa bendeji ya Ndanda, ile ya kahawia.

Nikamtafuta barazani. Hayupo.
Yuko kule chooni, anarudi,
mkono mmoja ukutani, udongo unamwagika kwenye vidole,
hatua, anapumzika, hatua.
"Unatazama nini?" akafoka. "Mimi ukuta unanitosha."

Sikumjibu. Sikumfuata kumshika.
Niliinama nikakagua fundo lake:
amekaza mno.
Nikalilegeza kidogo.