Povu la Sabuni

Mimi ni fundi wa majiko ya gesi na vipasha joto
mjini Punta Arenas, kusini kule ambako ramani inachakaa.
Nyumba nyingi hapa nimeziingia kwa magoti.
Bomba likivuja sibahatishi:
nachovya brashi kwenye povu la sabuni,
napaka maungio, moja baada ya jingine,
nangoja.
Penye kasoro povu hututumka lenyewe,
kama shavu la mtoto anayezuia kicheko.

Lakini binti yangu Millaray, miaka kumi na minne,
alivuja ndani ya nyumba yangu tangu Machi hadi Julai
na mimi sikunusa kitu.

Alianza kwa kusema ameshiba.
Kisha tumbo, kisha kichwa,
kisha kila Jumatatu homa ambayo kipimajoto hakiioni.
Kisha mlango.
Nikasema: uvivu. Nikasema: simu hiyo.
Nikadai simu. Akanipa bila kubisha,
na kule kutobisha ndiko kulikopaswa kunishtua.

Baba yangu, aliyetoka kisiwa cha Chiloé na gunia moja,
alikuwa na dawa moja tu ya huzuni: shoka na gogo.
"Pasua mpaka ikuishe."
Nilipasua. Haikuisha,
ilijifunza kukaa kimya. Nikaiita uanaume.

Bi Yovanka wa zahanati alipanga viti vitano.
Nikamwambia mgonjwa ni mmoja.
Akasema, "Na kiti cha dirishani ni chako."
Belisario, miaka saba, akapewa karatasi achore nyumbani kwao.
Akachora kila mtu na chumba chake,
milango minne, yote haina vitasa.
Mama yake, Ercilia, kamchora na sahani mkononi.
Mimi kanichora mgongo.
"Mbona mgongo?"
"Ndio ninaoujua vizuri," akasema,
bila ubaya wowote, akatafuta penseli ya kijani.

Nimeona mabomba yaliyopasuliwa na barafu.
Sikuwahi kuona kitu kikipasuka polepole hivyo,
kifuani mwangu, mchana, mbele za watu.
Millaray akanitazama.
Tangu Machi hakuwa amenitazama
kama mtu ambaye naye huumia.

Usidhani mambo yalinyooka.
Agosti alikwenda shule siku mbili, akakaa nyumbani tisa.
Ercilia na mimi tuligombana jikoni kwa kunong'ona
mpaka sauti ya chumbani ikasema,
"Nawasikia. Gombaneni kwa sauti,
mnong'ono ndio unaonitisha."
Tukagombana kwa sauti. Katikati tukacheka.
Mwalimu wake wa jiografia alileta madaftari,
akabaki kunywa chai, wala hakuuliza lini.
Belisario akapewa kazi ya kubisha hodi kila jioni:
mkate wa moto upo, kuongea si lazima.

Na mimi nikajifunza upya kupaka povu.
Naketi sakafuni nje ya mlango wake,
magoti chini kama kazini,
naweka neno dogo: leo juu ya paa niliogopa.
Nangoja.
Sizibi. Hapo ndipo pagumu kwa fundi,
kuliona tundu na kuiacha spana mfukoni.

Jana upepo ulivuma kilomita mia na kumi kwa saa.
Manispaa ikafunga kamba mitaani, nguzo hadi nguzo,
watu wasipeperushwe wakivuka.
Millaray akavaa koti, akasema mkate umekwisha.
Ulikuwapo; niliuona kikapuni.
Nikanyamaza, nikachukua kofia.
Tulikwenda sote wanne tumeshika kamba moja,
Belisario mbele akipiga kelele
kama nahodha wa meli iliyotoboka.
Karibu na duka Millaray alisema kitu,
upepo ukakinyakua.
"Umesemaje?"
Akasema tena. Upepo tena.

Alikisema mara tatu, binti yangu,
na mara ya tatu nikakisikia.