Futi Kamba

Pesa ya korosho haikai. Msimu ule niliifunga kwa kamba,
mara tatu:
dume la Borani, jeupe, lililoshushwa kwa fuso kutoka ranchi ya mbali;
Mpwapwa mwekundu, mpole, masikio yamelala;
na mtamba mfupi wa kienyeji, nundu kama kofia ya mtoto,
aliyeniuzia Masunga huku akicheka.

Kila mwezi unapoandama nawazungushia futi kamba kifuani,
nyuma ya nundu, nyuma ya kwapa.
Namba naigeuza kilo kwa jedwali la bwana mifugo,
naandika kwenye daftari la hesabu la mwanangu,
kurasa zilizobaki baada ya sehemu.

Machi, nyasi za Naipanga zilifika kiunoni.
Borani alikula kama mtu aliyealikwa.
Kilo ishirini na moja kwa mwezi! Mgongo meza.
Likomba wa buchani alikuja, hakununua kitu,
alisimama tu, mikono nyuma, akamkata kwa macho:
hapa steki, hapa sarara, hapa mchanganyiko.
Mpwapwa kumi na sita. Mfupi tisa.
"Huyo mhesabu kwenye mbuzi," akasema.

Septemba nyasi zikawa waya.
Mbung'o wakavuka Mbwemkuru.
Borani akasimama manyoya wima, macho yanatiririka.
Sindano mbili; bei yake ipo pembeni, kwa kalamu nyekundu.
Kilo thelathini zikaondoka bila kuaga.
Mpwapwa alipungua, akatulia,
kama mama anayejua bei ya unga.
Na mfupi? Alikula nisivyovijua:
vichaka vya miiba, maganda ya mbaazi, magunzi,
kona ya mkeka wangu.
Alipoteza mbili. Nikapima tena,
nikidhani futi imenidanganya.

Oktoba mabibo yakaanza kudondoka,
na mfupi ndiye aliyeijua njia.
Alirudi jioni anapepesuka, mdomo unanuka uraka.
Asubuhi Chilumba yuko mlangoni na kopo:
korosho kumi na nne, kazitoa kwenye kinyesi, kazisafisha.
"Shemeji, hizi zangu. Na zile ambazo bado hajazitoa?"
Nikamlipa kilo nne kwa bei ya mnada.
Gharama za mfupi, mstari wa kwanza.

Likomba ananiuliza yupi bora, anataka jibu moja,
kisu tayari kwenye mfuko wa rambo.
Namuuliza: bora wa mwezi gani?
Nyama ya Borani laini, sikatai.
Ya kienyeji unaitafuna hadi habari ya saa mbili iishe,
lakini injika mchuzi wake,
uone majirani wanavyokuja kuazima chumvi.
Masunga naye ananikosoa:
"Bi Somoe, unapimanisha dume na jike,
halafu unaliamini daftari."
Kweli. Hilo sikuliandika.

Februari, usiku wa mvua, mfupi alizaa.
Hakuna aliyepanga; masika yale zizi halikuwa na ukuta.
Kijeupe, miguu mirefu ya babake,
kinatafuna kamba ya mlango kabla hakijakauka.
Nilikifuata na futi. Hakikutulia.
Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika:
*Bila jina. Uzito: haujulikani.
Tuonane Septemba.*