Simbilisi wa Kumi na Nne

Msunguti umeota nyuma ya maabara yetu, Longuo.
Vitunda vikiiva, watoto wanakula.
Gome lake zamani lilipakwa mishale;
sisi tunalipima kwa maikrogramu
na kuliita dawa.

Kazi yangu ni kushika.
Dokta Aikaruwa anachoma, mimi nashika,
na kiganja changu hujua kabla ya mashine:
pigo, pigo, kisha kimya
kama cha mtu aliyesahau neno,
kisha mapigo matatu yakikanyagana
kama wateja wa Kiboriloni mvua ikianza.
Karatasi ikatoa milima isiyo na mpango,
si Kibo, si Mawenzi, vichuguu tu.

"Sasa," akasema.
Tukampa ile dawa inayoachia gesi.

Gesi yenyewe huioni. Radi huitengeneza,
bodaboda huitema pale njia ya KCMC,
na kuta za mishipa yako, wewe unayesoma,
zinaitengeneza sasa hivi bila kubisha hodi.
Huishi sekunde chache:
inafika, inasema legea, inakufa.
Oksidi ya nitriki. Jina refu kuliko umri wake.

Dakika ya tatu. Ya nne.
Umeme ukakatika, jenereta ikakohoa isiwake,
na gizani nikahesabu kwa kidole gumba
moja
moja
moja
sawasawa, kama mtu anayechambua kahawa
asiye na haraka ya kwenda popote.

Nikacheka peke yangu.
Nikamfikiria baba, kule Mwika,
na vidonge vyake vya moyo, vyeupe, vidogo,
ndani ya kopo la majani ya chai.
Undugu wao na msunguti hajawahi kuambiwa.
Akisahau kama amekunywa, anakunywa tena.

Saa nne tulimwokoa.
Saa sita, kama utaratibu unavyotaka, tulimuua,
tuone moyo uliopona umeponaje.
Ulikuwa kama zambarau.
Kwenye maji ya chumvi ukaendelea kupiga,
kwa adabu, kama mgeni ambaye hajaambiwa
kwamba sherehe imeahirishwa.
Dokta aliandika muda.
Mimi nilinawa, nikanawa tena,
kidole gumba kikawa bado kinahesabu.

Jioni nikapiga simu Mwika.
"Baba, umekunywa vidonge?"
"Nimekunywa," akasema.
Nikasikia kopo likifunguliwa.
"Au ilikuwa jana?"