Ngeli ya Simbi

Mwalimu Nkinda wa sayansi amekwenda Mwananyamala kujifungua,
nikaachiwa Darasa la Sita, kipande cha chaki
na mada moja ubaoni: Uainishaji wa Moluska.
Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Ngeli nimezifundisha
miaka kumi na minne hapa Mtongani,
sikujua kama konokono naye anazo.

Kitabu kinasema: mwili laini, usio na mfupa hata wa dawa.
Mguu. Joho (ndiyo, joho, kama la bwana harusi),
na joho ndilo linalolijenga gamba kwa chokaa ya bahari.
Ulimi wenye meno, unaokuna mwamba kama mbuzi ya nazi.
Mbuzi ya, nikakazia. Si mbuzi wa.
Mazoea hayana tiba.

Nikachora. Wenye tumbo juu ya mguu: konokono, tondo, simbi,
na koa, yule wa kwenye mchicha wa Tegeta
aliyeuza nyumba akabaki na ute.
Wenye magamba mawili: chaza, kombe.
Hawa hawana kichwa, nikasema,
na darasa zima likageuka kumtazama Pazi.
Wenye miguu kichwani: ngisi, dome,
pweza wa mioyo mitatu na damu ya buluu.
Pembeni nikaongeza ya kwangu, kwa herufi kubwa:
A-WA. Wote.

Pazi akataka kulipiza: "Konokono wa ukutani, dume lake lipi?"
Nikasoma. Mmoja huyo huyo, mume na mke.
Nikasubiri kicheko, hakikuja.
Yeye ni yeye. Lugha yetu haijawahi
kumvua mtu nguo kwanza ndipo imwite.

Sikudhani Shomari hakuandika kitu.
Mama yake huokota kombe maji ya bamvua yakipwa,
na kwao ngeli ni tatu:
wa kuchemsha, wa kuuza, wa kuachwa akue.
Kesho yake alikuja na kopo la siagi, maji ya chumvi,
na ndani simbi, mzima,
amejifunika joho mpaka mgongoni, lina vinyweleo na madoa.
"Ndiyo maana anang'aa, mwalimu.
Anajifuta mwenyewe."
Nikapekua kitabu. Hilo hawakuliandika.

Tukamweka dirishani ili kila mtu amwone.
Ikapita Ijumaa. Ikapita Jumamosi,
na jua la Machi juu ya bati.

Jumatatu darasa lilinuka.
Hakuna aliyesema. Sikudhani alikwenda bombani,
akasuuza, akatikisa, akasuuza tena,
akalifuta gamba kwa pindo la sketi.
Likang'aa vilevile, kama hakuna lililotokea.

Mwalimu akikosa la kusema hutoa zoezi.
Tungeni sentensi, nikasema.

Pazi aliandika kuhusu supu ya pale kituoni:
"Pweza ameiva." Sahihi.
Amekatwa vipande, ametiwa ndimu na pilipili,
na sarufi inamwita a-, a-, mpaka kooni.
Hakuacha nyumba irithi jina lake.

Sikudhani aliandika sentensi mbili:
"Simbi huyu amekufa. Simbi hii inang'aa."

Nimekaa na kalamu nyekundu tangu adhuhuri.
Hakuna kosa. Kati ya huyu na hii kuna nukta tu,
na ndani ya nukta lipo kopo la siagi,
siku tatu dirishani,
na aliyefunga mlango Ijumaa akaondoka na ufunguo
ni mimi.

Simu imelia. Mwalimu Nkinda: mtoto wa kike, kilo tatu na robo,
analala kutwa. "Moluska mmemaliza?"

Nimeandika: Hongera.
Nimeandika: Bado.